Kwa Nini Babu Alitawanya Mizinga

Mwaka 1956 malkia mmoja wa nyuki kutoka Tabora alifika Brazil akiwa hai. Aliyemchukua ni Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa huko, aliyezunguka Afrika akikusanya malkia ili apate nyuki wa kuvumilia joto, maana wale wa Ulaya walikuwa wakidorora katika nchi yake. Wengi wa malkia hao walitoka Afrika Kusini, upande wa Pretoria. Wa Tanganyika walikufa njiani, akabaki huyo mmoja. Mwaka uliofuata, karibu na mji wa Rio Claro, makundi 26 yakatoroka. Uzao wao ulienea Amerika ya Kusini, ukapita Amerika ya Kati, na Oktoba 1990 ukaingia Texas, ambako magazeti yaliwaita nyuki wauaji.

Huku kwetu kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kwa sababu kila mtu Unyamwezini ana kovu au mjomba mwenye kovu. Mimi kinanishika kwa jambo jingine. Nyuki haruki kuvuka bahari. Akivuka, yumo ndani ya mzigo wa mtu, na chochote kinachomuuma au kumwambukiza kimo humo pamoja naye. Historia ya magonjwa ya nyuki, ukiifuatilia kwa makini, ni historia ya meli, malori na masanduku.

Nilikuwa afisa nyuki hadi nilipostaafu. Vijiji vya Sikonge viliniita Mama Nyuki, hasa baada ya wazee kuniona nikipanda mti kwa kamba, kazi waliyoamini haimfai mwanamke. Lakini nyuki nilianza kuwajua kabla ya chuo, kwa babu mzaa mama, ambaye alikuwa na mizinga ya magome na ya magogo mingi kuliko alivyotaka serikali ijue. Mzinga wa gome aliubandua kwenye mtundu au muyombo wakati wa mvua, gome likiwa laini na lenye maji. Aliushona kwa vijiti ukawa bomba, akaziba ncha zote mbili, na kuutundika juu kwa mti wenye kingoe ili nyegere asiufikie. Mti uliobanduliwa gome ulikauka. Hilo silifichi, ndiyo lawama ya haki kabisa dhidi ya ufugaji ule.

Babu hakuwahi kununua kundi la nyuki wala kumbeba malkia. Aliupaka mzinga nta kwa ndani, akaufukiza, akautundika, kisha akaondoka. Nyuki wakipenda wataingia. Mizinga mingine ilikaa tupu msimu mzima naye hakuona hasara. Kutoka mzinga hadi mzinga ulikuwa mwendo wa kutosha kumaliza mazungumzo, na kuikagua yote kulitaka kambi porini, unga wa kutosha na mtu wa kulinda moto usiku.

Pori lenyewe lilikuwa kubwa hivyo kwa sababu ambayo haihusiani na nyuki. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu katika sehemu zenye malale na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja, na nyuma yao msitu wa miombo ukafunga. Ng'ombe hawakuweza kuishi kwenye ndorobo, nzi waenezao malale. Warina asali waliendelea kuingia, wengine kwa kibali, wengine kwa kujua njia. Babu aliwahi kuniambia kwamba ndorobo ndiye mlinzi wa asali yake, na sikumcheka, kwa sababu ramani ya misitu ya hifadhi ya Tabora inamuunga mkono.

Asali ya zamani iliishia kwenye mitungi ya pombe, na kidogo kwenye dawa na mahari. Iliyosafiri ni nta. Ilikwenda na misafara hadi Bagamoyo, ikawa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa nje enzi za Wajerumani, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ikapakiwa kwenye mabehewa kwenda Dar es Salaam. Ulaya iliitaka kwa mishumaa ya makanisa, kwa dawa ya kung'arisha viatu na samani, na kwa vipodozi. Kuipata ilibidi sega lote liharibiwe. Waliliminya asali itoke, wakalichemsha, wakalichuja kwa kipande cha gunia, kisha wakaimimina nta kwenye bakuli ikaganda kuwa tonge la manjano lenye harufu ya moshi. Bibi yangu alikuwa na jicho la kutambua tonge lililochanganywa na mafuta ya wanyama. Aliligonga kwa ukucha na kusikiliza.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu vitabu tulivyosomea chuoni viliyapitia kwa aya moja, na aya yenyewe ilikuwa ya kulaumu. Mzinga wa asili, vilisema, unampotezea mfugaji masega. Nyuki hutumia asali nyingi kujenga nta upya kila mwaka, ilhali sanduku la fremu, lile alilolipatia hataza Langstroth huko Marekani mwaka 1852, humwezesha mfugaji kukamua asali na kuwarudishia nyuki sega lilelile, mwaka baada ya mwaka. Kwa hesabu ya asali hoja hiyo ni sahihi. Kwa hesabu ya afya ya nyuki naona ina tundu kubwa.

Sega kuukuu ndilo ghala la maradhi. Bakteria anayesababisha ugonjwa wa kuoza kwa majana, Paenibacillus larvae, huacha mbegu zinazokaa hai kwenye masega makavu kwa miongo kadhaa, zikisubiri majana mapya. Fremu ikitolewa mzinga huu na kutiwa mzinga ule, mbegu zimesafirishwa bila nauli. Sasa mtazame babu: kila msimu alitoa masega ya asali, akayayeyusha, na nta ikapanda treni. Mzinga ukihamwa, nondo wa nta na mbawakawa walikula masega yaliyobaki mpaka likabaki gome tupu, naye kabla ya kuutundika tena aliupitisha kwenye moshi na moto. Hakuwa akipambana na bakteria, hakujua kama wapo. Alikuwa akifuata bei ya nta. Lakini biashara hiyo, kwa maoni yangu, iliwasafishia nyuki wa Unyamwezi nyumba zao kwa vizazi, na wauguzi wasingefanya vizuri zaidi.

Jambo la pili tulilofundishwa kuliona kasoro ni kuhama. Nyuki wetu wa savana, Apis mellifera scutellata, huhama kwa kero ndogo: ukame, siafu, moshi wa kupita kiasi. Hugawanyika mara nyingi pia. F. G. Smith, afisa nyuki wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu chake juu ya ufugaji nyuki wa nchi za joto mwaka 1960, na mwaka mmoja baadaye akawapa majina nyuki wa milimani na wa pwani kuwa koo tofauti, aliijua vizuri tabia hiyo. Kwa mfugaji wa masanduku ni balaa. Lakini kundi linalohama huacha nyuma majana yake yote, yakiwa na wagonjwa na wadudu waliojificha ndani yake, na kuanza mahali pengine na masega meupe. Nyuki wasiohama wanabaki na mgonjwa wao nyumbani.

Mtihani wa mambo haya ulikuja kwa utitiri.

Mwaka 1904 Mholanzi A. C. Oudemans alieleza utitiri aliyekusanywa Java na Edward Jacobson kwenye nyuki wa Asia, Apis cerana. Aliupa ukoo wake jina la Varro, Mroma wa kale aliyeandika habari za nyuki. Ni mdudu mwekundu wa rangi ya kahawia, mpana kuliko urefu wake, kama milimita moja na nusu kwa upana. Kwa nyuki ni mzigo: fikiria mtu anatembea na kupe wa ukubwa wa sahani tumboni. Nyuki wa Asia walikwisha mzoea, na kwao huzaa hasa kwenye majana ya madume. Katikati ya karne ya 20, nyuki wa Ulaya waliopelekwa Mashariki ya mbali wakawekwa jirani na wale wa Asia, na utitiri akahamia kwa wageni, ambao hawakuwa na kinga wala mazoea. Baadaye, mwaka 2000, Denis Anderson na John Trueman walionyesha kwamba aliyetapakaa duniani hakuwa yule wa Java bali ndugu yake. Wakamwita Varroa destructor, na sijasikia mtu akilalamika kwamba jina hilo limezidisha chumvi.

Kuenea kwake kulifuata biashara ya nyuki. Tunisia ilimpata mwaka 1975, Ujerumani 1977, Marekani 1987, Uingereza 1992, Afrika Kusini 1997. Jike huingia kwenye tundu la jana muda mfupi kabla nyuki hawajaliziba kwa nta. Humo hutaga, kwanza dume, kisha majike. Ndugu hao hujamiiana gizani, na nyuki kijana anapotafuna kizibo na kutoka, majike hutoka naye wakiwa wamemshika mwilini. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba hunyonya damu. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake walionyesha kwamba chakula chake hasa ni tishu ya mafuta iliyo chini ya ngozi ya nyuki, inayofanya kazi nyingi ambazo kwetu hufanywa na ini.

Hata hivyo utitiri peke yake si habari yote. Anapotoboa, huingiza virusi, na cha kuogopwa zaidi ni kile kinachozalisha nyuki wenye mabawa yaliyosinyaa, wasioruka. Visiwa vya Hawaii vilitoa ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa sababu utitiri alikuwa amefika kwenye baadhi ya visiwa na vingine bado. Stephen Martin na wenzake walitangaza mwaka 2012 kwamba mahali alipofika, makundi yenye kirusi hicho yalipanda kutoka kama asilimia 10 hadi asilimia 100, na kati ya aina nyingi za kirusi ikatawala moja iliyomudu kusafiri naye. Miaka minne baadaye Lena Wilfert na wenzake walilinganisha virusi vya nchi nyingi na kuona kwamba mlipuko huo ulitoka Ulaya, ukasambazwa na watu wanaouziana nyuki.

Mapema mwaka 2009 utitiri huyo alitambuliwa Kenya, na Tanzania pia akapatikana. Watafiti walioandika taarifa fupi juu yake waliuliza katika kichwa cha makala yao kama ni tishio au fursa. Mimi na wenzangu tulisoma neno fursa mara mbili tukidhani ni kosa la mpigachapa. Wengi wetu tulikuwa tumeona picha za Ulaya na Marekani, mizinga imekauka kama maduka yaliyofungwa, na tulitarajia kuzika.

Hatukuzika. Mwaka 2010 Elliud Muli, Mkenya, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walipita sehemu 24 za Kenya, kutoka pwani hadi nyanda za juu, wakihesabu nyuki, utitiri, virusi na mabaki ya viuatilifu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Utitiri alikuwa kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Kati ya virusi saba vilivyozoeleka Marekani na Ulaya, vitatu tu vilionekana, navyo havikuwako kaskazini. Nosema apis, vimelea wa tumbo, alionekana sehemu tatu za pwani na moja ya bara. Viuatilifu vilikuwa vichache na kwa kiwango cha chini. La kushangaza ni kwamba makundi yenye utitiri hayakuwa madogo kuliko yasiyo naye. Watafiti wakaandika bila kumung'unya maneno kwamba kwa wakati ule dawa za kuua utitiri hazikuhitajika Kenya.

Mambo mawili katika utafiti ule nimeyarudia mara nyingi nikifundisha. La kwanza, utitiri waliongezeka kadiri mtu anavyopanda mlima. La pili, walipungua pale nyuki walipokuwa wasafi. Usafi hapa una maana yake maalumu: nyuki anayenusa jana lililokufa au lenye hitilafu hukifungua kizibo, hulitoa na kulitupa nje. Kundi lenye nyuki wengi wa namna hiyo humvunjia utitiri uzazi wake. Afrika Kusini, ambako utitiri alitangulia kufika, mtafiti Mike Allsopp alifuatilia miaka iliyofuata na kuona kwamba wafugaji wengi walipoacha kutumia dawa, makundi dhaifu yalikufa na yaliyobaki, katika miaka michache, yakaweza kuishi naye. Nchi tajiri hazikuwa na subira hiyo. Zilitia dawa, na dawa ikabaki kwenye nta. Uchunguzi mkubwa wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta asilimia 98 ya sampuli za nta zina mabaki ya dawa mbili za utitiri. Ndiyo maana wanunuzi wa nta safi bado wanatazama upande wetu, na tonge la bibi lingepata soko leo.

Nisije nikaonekana nawapamba nyuki wa Afrika kama walioonewa tu. Sisi pia tumesafirisha nje. Mbawakawa mdogo wa mzinga, Aethina tumida, ni wa kusini mwa Sahara. Kwetu ni kero: nyuki humkimbiza, humfungia kwenye pembe kwa gundi, na akizidi wanahama. Alipofika Marekani, akatambuliwa Florida mwaka 1998, alikuta makundi yasiyojua kumfunga wala kuhama, na mabuu yake yakageuza asali kuwa uji unaonuka. Kisha akaingia Australia, na mwaka 2014 Italia ya kusini. Hata ndani ya bara letu umbali umeleta maafa. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walipandisha makundi ya nyuki wa Cape kaskazini, kwenye eneo la nyuki wa savana. Nyuki wa kazi wa Cape huweza kutaga majike bila dume. Waliingia kwenye mizinga ya wenyeji, wakataga, wakaacha kufanya kazi, na maelfu kwa maelfu ya makundi yakafa. Hapakuwa na kirusi wala bakteria. Lori lilitosha.

Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998 na sheria yake mwaka 2002, na Nairobi ikapata mwaka 2014 maabara ya afya ya nyuki kwa Afrika nzima, ndani ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mambo hayo ni mazuri. Kinachonisumbua kinatokea mahali pengine, kwenye manzuki. Kila mradi unaokuja huja na masanduku, na masanduku hupangwa pamoja, safu kwa safu, mara nyingi karibu na barabara ili mgeni aone na kibao kisomeke. Nyuki hupotea njia na kuingia mzinga wa jirani, huibiana asali njaa ikija, na katika yote mawili utitiri hupata usafiri.

Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell amelipima jambo hili kwa njia ninayoiheshimu. Katika msitu wa Arnot, jimbo la New York, alihesabu makundi ya porini mwaka 1978, kabla ya utitiri kufika Marekani. Alirudi mwaka 2002, utitiri akiwa tayari ameenea, akakuta makundi mengi vilevile. Yanaishi mbalimbali, moja kwa takriban kilomita moja ya mraba, kwenye mapango madogo ya miti, na hugawanyika mara kwa mara. Baadaye yeye na mwenzake walipanga mizinga kwa namna mbili, mingine imesongamana na mingine imetawanywa, na iliyosongamana ndiyo iliyoelemewa na utitiri. Nilipoisoma kazi hiyo nilifikiria zile safari za kambi za babu, na jinsi maofisa tuliokuja baada ya ukoloni tulivyoandika kwenye ripoti kwamba kutawanya mizinga ni upotevu wa nguvu kazi.

Sisemi turudi kwenye mzinga wa gome. Miti yenyewe imepungua, na mkaa na tumbaku vimefanya kazi yake. Masanduku yana faida, na kijana anayelipa ada ya shule kwa asali hawezi kusubiri nyuki wapende. Ninachosema kwenye mafunzo, kwa wanaonisikiliza, ni kwamba manzuki ivunjwe vipande na kutawanywa. Kwamba masega meusi yayeyushwe na kuuzwa badala ya kurudishwa. Kwamba kundi lisihamishwe mkoa hadi mkoa kwa sababu tu fulani ana nyuki wapole. Na kwamba dawa ya utitiri isiingie mzingani hata ikitolewa bure.

Mwaka jana kijana mmoja wa Urambo alinisikiliza hadi mwisho, akaniamkia tena kwa adabu, akauliza: "Mama, nikiyatawanya masanduku hivyo, mafuta ya pikipiki atalipa nani?" Ukumbi ulicheka. Swali lake lilikuwa la haki na tulilifanyia hesabu ubaoni pale pale, lita kwa lita. Ilionekana kwamba vituo vitatu anavimudu na vitano havimudu. Tukaafikiana vitatu, na masega meusi ayayeyushe kuanzia msimu huu.